Misalaba ya Mkono wa Kushoto

"Dagny, eti ni kweli mzee wako siku hizi anasali?"

Asta aliuliza hivyo mwezi wa pili, akiwa kwenye ua unaotenganisha nyumba yake na ya Dagny, mkononi ana ndoo ya mchanga wa kumwaga njiani watu wasiteleze. Kila asubuhi alikuwa akimwona Vagn, mume wa Dagny, pale dirishani, mgongo umepinda, kichwa ameinamisha, hageuki hata gari likipita. Huyo ndiye Vagn ambaye kijiji kizima cha Hvamsted kilimjua kuwa ni mtu wa kuingia kanisani Krismasi na mazishini, na huko mazishini hukaa karibu na mlango.

Dagny alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Angeweza kusema, anadarizi. Lakini jibu hilo lingezaa swali jingine: anadarizi nini? Na hilo nalo lingezaa la tatu: kwa nini yeye, na wewe upo? Akaitazama theluji inayoyeyuka kwenye buti zake.

"Anasali," akasema.

"Makubwa! Na hakumwambia mtu?"

"Unamjua Vagn."

Aliingia ndani. Dagny alikuwa mtu wa sala kweli, tangu utotoni, na hajawahi kuitumia sala kufunikia jambo. Kilichomtisha zaidi ni jinsi neno lile lilivyotoka upesi, bila hata kukwama.

*

Mikono ya Dagny ilikuwa imeanza kutetemeka msimu wa vuli. Mwanzoni kijiko kiligongagonga ukingo wa kikombe naye akacheka. Kufika Novemba hakuweza tena kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Daktari alisema ni mtetemo wa umri, hauui, wala hauponi. Alimwandikia vidonge vilivyomlaza usingizi mchana, na mikono ikaendelea vilevile.

Kila Jumanne saa nane mchana kina mama tisa walikutana kwenye ukumbi wa usharika kudarizi. Kiongozi wao alikuwa Gerda Toft, mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo. Mwaka wa pili sasa walikuwa na kazi moja kubwa: mto mpya wa kupigia magoti mbele ya madhabahu, unaoizunguka nusu duara, mahali watu wanapopokea Chakula cha Bwana. Vipande tisa, mtu mmoja kipande kimoja, kila kimoja na kitu cha eneo lile juu ya usuli wa kijani. Kulikuwa na mbigili, kulikuwa na samaki mkunga wa fiordi, ile ghuba nyembamba ya bahari. Dagny alipewa shayiri.

Angeweza kuwaambia mapema. Lakini alikumbuka ya Ellen. Macho ya Ellen yalipoharibika, kikundi kilimpelekea shada la waridi za njano na kadi yenye majina ya wote, *Asante kwa miaka yote, sasa pumzika.* Dagny mwenyewe alitia jina kwenye kadi ile. Baada ya maua, hakuna aliyekwenda tena kwa Ellen. Dagny alikuwa akipita pale kwa baiskeli na kugeuza uso upande wa pili.

Kwa hiyo alinyamaza. Jumanne alikwenda kama kawaida, akapanga nyuzi kwa rangi na namba, akasimulia habari, akakataa kahawa kwa kisingizio cha tumbo ili kikombe kisimsaliti. "Shayiri yangu naifanyia nyumbani," aliwaambia. "Dirisha langu lina mwanga mzuri." Na shayiri ilikuwa imelala ndani ya droo, mashuke mawili tu yamekamilika.

Vagn aliingia kwenye jambo hili kwa mlango wa utani. Krismasi binti yao Maiken, ambaye naye hakuwa ameambiwa, alituma kutoka mjini Århus pakiti ya kudarizia: kitambaa cha kitani, nyuzi, sindano, na mchoro wa kandege kifua chekundu. Dagny aliifungua, akaitazama, akaifunga tena bila kusema kitu. Vagn aliona. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na sita, na tangu astaafu alikuwa mtu wa kukaa jikoni kuangalia saa, akijua sasa hivi angekuwa shamba gani.

"Kroner mia nne kwa kandege kamoja," alisema asubuhi moja, akiigeuzageuza ile pakiti. "Tukimwacha kwenye boksi ni hasara. Nionyeshe."

"Wewe?"

"Nimefunga mipira ya kuvutia maziwa kwenye lori, gizani na barafu. Sindano itanishinda nini?"

Ikamshinda siku mbili. Siku ya tatu ikatii. Dagny aliketi mbele yake, wakatazamana juu ya meza, akamwelekeza kwa maneno na kidole: panda hapa, hesabu mbili, shuka, usivute kama unafunga ng'ombe. Vagn alishika sindano kwa mkono wa kushoto, kama anavyoshika kila kitu, vidole vinene kama soseji. Wiki tatu baadaye kandege alikuwa amekamilika, na Vagn alimsimamisha juu ya redio akakaa kumtazama.

"Hebu mwone anavyonikodolea macho," alisema. "Sasa nipe hiyo shayiri."

Tangu hapo kila asubuhi, mara baada ya uji wa shayiri, alikaa dirishani. Alihesabu kwa sauti ya chini. Akikosea alitukana kidogo, akafumua, akarudia. Saa ya jikoni hakuitazama tena.

*

Jumanne ya pili ya Mei vipande vyote tisa viliwekwa pamoja kwa mara ya kwanza. Fundi wa samani alikuwa aje Ijumaa kuvichukua, avifunge kwenye mto, uwe tayari kwa Pentekoste. Gerda alivipanga kwenye meza ndefu chini ya dirisha, kwa nusu duara, kama vitakavyokaa kanisani. Kina mama wakasimama kuvitazama, mikono vifuani. Walikuwa na haki ya kufurahi.

"Jamani," alisema Asta. "Hata kupiga magoti utaona haya."

"Ngoja," alisema Gerda.

Alirudi nyuma hatua mbili, akasogea kulia, akasogea kushoto. Kila aliposogea, kijani cha vipande vinane kilibadilika pamoja, kama nyasi upepo unapopita. Kile cha tisa kilikataa. Wenzake waking'aa, chenyewe kinafifia. Wakififia, chenyewe kinang'aa.

"Dagny, uzi wa kijani ulinunua wapi?"

"Ni ule ule wa kanisa. Boksi moja na ninyi."

Gerda akavaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia kitambaa. Kila mtu anajua kanuni, maana ndiyo ya kwanza kufundishwa: kila mshono ni msalaba mdogo wa miguu miwili, na mguu wa juu lazima ulale upande mmoja kazi nzima, kuelekea kushoto. Ukilaza mmoja kinyume, mwanga utakusema. Mle ndani ya shayiri hakukuwa na mmoja uliolala kinyume. Ilikuwa yote, ukiacha mashuke mawili.

"Rangi haina kosa," alisema Gerda polepole. "Kosa ni mlalo. Imelala kulia kazi nzima." Akainuka. "Miaka arobaini nakujua, hujawahi kulaza mguu vibaya hata mara moja. Nani ameshika sindano hii?"

Kutoka jikoni ilisikika mashine ya kahawa ikikoroma.

"Mimi," alisema Dagny.

"Wewe?"

"Macho. Nilichoka, nikachanganya."

"Misalaba elfu kumi na nne umechanganya?" Gerda hakuwa anapiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi tuirekebishe. Keti hapa, fumua safu moja kwenye ukingo, uishone tena, tuone kama tofauti itapungua." Akamsogezea mkasi mdogo na sindano.

Dagny aliketi. Mikono aliificha chini ya meza, katikati ya magoti, akaibana. Mkasi ulikuwa pale mbele yake. Kina mama wanane walikuwa wamemzunguka, baadhi kwa huruma, baadhi kwa udadisi, na harufu ya mikate ya iliki ilikuwa imejaa kila mahali.

"Nimesahau miwani nyumbani," alisema.

"Ipo kichwani pako, dada," alisema Asta taratibu.

Hakuna aliyecheka. Dagny aliishusha miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni, kana kwamba hilo ndilo jambo aliloambiwa afanye.

"Nitafanyia nyumbani," alisema.

"Fundi anakuja Ijumaa saa nne," alisema Gerda. "Hakuna wa kushona elfu kumi na nne kwa siku tatu. Vitakwenda vinane. Cha tisa nitaweka kitambaa kitupu, mpaka tujue tunafanyaje."

Kitambaa kitupu, siku ya Pentekoste, mbele ya usharika wote. Watu wangepiga magoti pale, wakauliza hapa palikuwa pa nani.

Alipokuwa akivaa koti, Asta alimfuata mlangoni akamshika kiwiko, kwa nia njema kabisa. "Usihuzunike. Nyumbani una mtu wa kukuombea sasa. Nimewaambia wote kuhusu Vagn, wamefurahi mno."

*

Vagn alikuwa anakaanga samaki. Aliona kipande kimerudi chini ya kwapa la mkewe, akazima jiko.

Dagny alimwambia yote, kuanzia mlalo mpaka miwani. Hata ile ya sala alimwambia, ambayo alikuwa amemficha miezi mitatu. Vagn alisikiliza, mwiko mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni.

"Nasali?" alisema. "Mimi?"

"Aliuliza ghafla."

"Ndiyo maana yule mama siku hizi ananipungia mkono kama askofu!" Akakaa akicheka. Kisha kicheko kikamwisha. Akavuta kile kipande, akakiinamisha kwenye mwanga. "Kwa hiyo kimeharibika. Chote."

"Hakijaharibika. Kimelala kulia."

"Na wewe hukuona? Ulikaa mbele yangu miezi yote."

Hapo Dagny angeweza kusema uongo mwingine. Alikuwa amechoka nao.

"Niliona siku ya tatu," alisema. "Ukiwa kwenye yule kandege. Uliangalia kidole changu mbele yako ukakiiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kwa mkono huo wako wa kushoto."

"Siku ya tatu! Ukanyamaza?"

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Vagn akakiweka kipande mezani.

"Tangu ulipoacha lori sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi ndani ya nyumba hii," alisema Dagny. "Nikasema ndege ni mmoja, ana kosa gani. Kisha ukadai shayiri. Nilipaswa kukwambia siku ile. Kila asubuhi nilisema kesho. Ukafika mia tano, ukafika elfu, na wewe unahesabu kwa furaha kama mtoto."

"Elfu kumi na nne, mia tatu na themanini," alisema Vagn kwa uchungu. "Nimezihesabu mwenyewe. Nikazifumue?"

"Hapana."

"Basi niende kwa Gerda nimwambie ni mimi. Kosa langu, mkono wangu. Mambo yamekwisha."

"Ukisema ni wewe, atauliza kwa nini si mimi." Alitoa mikono mifukoni akaiweka mezani, na vikombe vikaanza kulia kwenye visahani vyake. "Wataniletea maua, Vagn. Watasema pumzika. Jumanne itafika saa nane, na mimi nitakuwa nimekaa hapa naitazama saa kama ulivyokuwa unaitazama wewe."

Vagn aliiweka mikono yake mikubwa juu ya ile ya mkewe, si kwa kuibana, kwa kuifunika tu. Vikombe vikanyamaza.

"Na wasipojua," alisema, "utakaa pale mpaka lini na mikono chini ya meza?"

Samaki walikuwa wamepoa. Waliwala hivyohivyo, na viazi. Kabla ya kuanza, Dagny alipoinamisha kichwa kushukuru chakula alikaa muda mrefu kuliko kawaida, na Vagn alisubiri, uma mkononi.

"Ijumaa tunakwenda wote wawili," alisema Dagny alipoinua uso. "Lakini nasema mimi."

*

Ijumaa saa nne kasoro, fundi wa samani alikuwa ameshafika, kijana mnene mwenye penseli sikioni, na kina mama wote walikuwepo. Vagn aliingia nyuma ya mkewe, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango. Asta alimtabasamia.

Dagny hakuvua koti. Alikiweka kipande mezani, akainua mikono yote miwili mbele ya macho yao, akaiacha itetemeke inavyotaka.

"Tazameni," alisema. "Ni hivi tangu vuli. Siwezi kushika sindano. Mashuke mawili ni yangu, yaliyobaki yote kashona Vagn. Jumanne niliwaambia uongo, Gerda. Na wewe Asta, nilikudanganya zamani zaidi. Hakuwa anasali. Alikuwa anadarizi."

"Lakini nilimsikia akinong'ona!" alisema Asta. "Dirisha lilikuwa wazi."

"Nilikuwa nahesabu," alisema Vagn kutoka mlangoni.

"Mara moja nilisikia umemtaja Mungu."

"Nilikuwa nimekosea hesabu."

Mtu mmoja alipaliwa na kicheko, mwingine akafuata, na Asta mwenyewe akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Dagny hakucheka. Alikuwa bado hajamaliza.

"Mnisamehe," alisema. "Mkitaka nisije tena, semeni tu. Lakini naomba kitu kimoja. Msiniletee maua."

Kicheko kilikatika. Gerda, ambaye hakuwa amecheka tangu mwanzo, alivua miwani.

"Maua gani?"

"Kama ya Ellen."

"Ellen?" Gerda alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi asilolitarajia. "Ellen alikataa kuja. Nilikwenda kwake mara tatu, Dagny, nikagonga, gari lipo, taa inawaka, hakufungua. Mara ya tatu alisema kupitia mlangoni kwamba hataki kuonekana. Maua yalikuwa njia pekee iliyobaki ya kufika mlangoni pake. Wewe unadhani nilimfukuza?"

Dagny alishusha mikono. Miaka minne alikuwa akipita pale kwa baiskeli, uso ameugeuza.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," alikubali Dagny, na machozi yakamtoka, lakini pamoja nayo kitu kizito kilitoka kifuani, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya safari ndefu. Asta alimvua koti kama anavyovuliwa mtoto, akamkalisha, akamletea kahawa kwenye kikombe kirefu, akakijaza nusu tu. Dagny alikishika kwa mikono miwili akanywa. Ilikuwa kahawa yake ya kwanza mle ndani tangu Novemba.

Fundi alikohoa. "Sasa, mama zangu. Nachukua vinane au tisa?"

Gerda alikigeuza kipande cha shayiri nyuma mbele. Nyuma ndiko anakotazama siku zote, maana mbele kila mtu hujitahidi. Nyuzi zilikuwa zimelala sawasawa, hakuna fundo, hakuna uzi ulioruka kutoka huku kwenda kule. Akamgeukia Vagn.

"Ulijifunzia wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikufundisha?"

Vagn alimwelekeza mkewe kwa kofia.

"Kwa mikono hiyo?"

"Sindano hakuigusa, alikaa mbele yangu. Alisema tu. Alinisema sana," alisema Vagn.

Gerda akarudi kwenye kipande. "Kitaonekana," alisema. "Kila mwenye macho atauliza."

"Na waulize," alisema Asta. "Tutapata la kuzungumza."

"Tisa," Gerda alimwambia fundi. "Hiki kikae mwisho, upande wa kaskazini. Lakini hakiondoki bila herufi, hapa pembeni ni patupu. Vagn, keti. D kwanza, kisha V."

Vagn akaketi katikati ya kina mama, akaminya macho, akapitisha uzi kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Masikio yalimwiva. Fundi alitazama saa yake, akaona haina faida, akavuta kiti na mkate wa iliki. Kina mama waliinama kutazama mkono wa kushoto unavyokwenda kinyume na yao yote, na mmoja akasema ni kama kutazama gari linalorudi nyuma kwa ustadi.

Herufi zilipokamilika, fundi aliviviringisha vipande tisa ndani ya shuka safi, akavibeba begani mpaka kwenye gari lake. Gerda alivaa kofia yake. Kisha, kana kwamba amekumbuka kitu, aliingia stoo, akarudi na boksi, akaliweka mbele ya Dagny. Ndani mlikuwa na pakiti sita ndogo za wanaoanza, kila moja na kitani chake na sindano yake, zingali na karatasi ya dukani.

"Watu sita wameandika majina," alisema. "Wanataka kujifunza kuanzia Septemba. Mimi nikimwelekeza mtu mara mbili, ya tatu nampokonya sindano nikamfanyia mwenyewe, kila mtu hapa anajua. Wewe umemfundisha dereva wa lori kwa mdomo." Akafunga kitufe cha juu cha koti. "Safari hii ukae ubavuni mwao. Si mbele yao."

Dagny aliweka mikono juu ya boksi. Boksi likatetemeka kidogo, pakiti zikachakarika ndani. Aliinua uso atafute la kujibu, lakini Gerda alikuwa ameshachukua mkoba wake, akapita katikati yao, akafungua mlango, akatoka.